Labo ya kemia ya siku ya posho (Jumamosi) pale Katindo, Goma: wanafunzi 24, mara nne, na kile tulitoka nacho

Nianze na bei, ju najua njo kitu wote watauliza. Ni dola 4 mwanafunzi mmoja kwa posho moja, produi zote ziko ndani ya bei, lineti ya kulinda macho wanakuazima, bluzi ya labo kila mtu anakuja na yake, gaanti unaongeza franga kidogo kama unazitaka. Mnaanza saa tatu ya asubuhi mnatoka saa saba kasoro. Sisi tulikuwa 24, tulienda posho nne zenye kufuatana, na kwa sababu tulikuwa wengi wakatukatia bei mpaka dola 3 na nusu. Kwa mwanafunzi wa hapa hiyo siyo pesa ndogo, kuna wenye walikuja kwa mguu toka Ndosho mpaka Katindo ili pesa ya motari iingie mu ile ya labo, basi naandika hii yote kwa kirefu ili asista (mwalimu msaidizi) mwengine ama mzazi mwenye anafikiri kupeleka watu pale ajue pesa yake inaenda wapi.

Mimi nafundisha kemia ya jumla, mwaka wa kwanza, mu instituti moja ya hapa Goma. Jina naliacha. Labo tunayo, ni chumba yenye meza za sima na eviye zenye hazijaona maji siku nyingi, na armware yenye ufunguo ulipotea. Miaka yote TP zetu (masomo ya kufanya na mikono) zilikuwa za ku tablo: unachora bireti (mrija wa kioo wenye alama za kupimia) na chaki, unaandika pembeni "V = 12,4 mL", wanafunzi wanakopi, wanapiga hesabu, unawapa kote (pointi). Mimi mwenyewe nilisoma hivyo. Nilipata diploma, nilikuwa naweza kukuandikia ekwasio zote za asidi na bezi bila kufungua kitabu, lakini sikuwahi kuona na macho yangu ile rangi ya pinki ikitokea kwa tone moja. Hiyo kitu inaniuma mpaka leo. Ukisimama mbele ya watoto wa watu wenye wameuza mbuzi ama kipande ya shamba ili wasome, na unawapa sayansi ya kuambiwa tu, moyo haukai.

Na siyo kitu ya ajabu tunaomba. Justus von Liebig alianza kufundisha pale Giessen, Ujerumani, mwaka 1824, na kutoka kwake njo ulaya ilizoea kwamba mwanafunzi wa kemia anasimama mu labo na kufanya na mikono yake, siyo kumwangalia profesa peke. Ni miaka 200 hiyo.

Sasa labo yenyewe. Ni nyumba ya kawaida ya mawe ya volkano, vyumba vitatu, na kiwanja nyuma. Katikati ya juma wanapima maji, watu wanaleta ya kisima, ya tanki, ya viwanda vidogo vya juisi. Siku ya posho wanafungulia wanafunzi. Mwenye kazi ni mama mmoja mwenye wote tunamwita Mama Labo, mtu wa miaka mingi mu kupima maji, na kijana wawili wanamusaidia. Hakuna enseigne kubwa ku barabara, mara ya mbele tulipita mbele ya lango mara mbili.

Kile kilinifurahisha kuliko yote kiko hivi. Mbele ya kila esperiansi Mama Labo anagawa karatasi nusu, anaeleza kile atafanya lakini haseme kitatokea nini, halafu anasema: andika, unafikiri itakuwa nini, na ju ya nini. Anangoja. Kama kuna mwenye hajaandika anangoja tena. Anakusanya karatasi zote, njo anawasha kiberiti. Unaweza kufikiri ni kitu ya kupoteza wakati, ata mimi siku ya kwanza nilikuwa naangalia saa. Lakini mwanafunzi mwenye ameandika jibu lake na jina lake juu, huyo haangalii tena sawasawa na mwenye amekaa tu. Ameweka neno lake pale mbele ya wenzake, anataka kujua kama alisema kweli.

Posho ya kwanza ilikuwa ya mazuku. Watu wa hapa wote tunajua mazuku, ile gesi ya kuua yenye inatoka mu udongo na kukaa mu mashimo, kila mtoto wa Goma ameambiwa usishuke mu ile shimo asubuhi, mbuzi zimekufia pale. Mama Labo alichukua sanduku ya vioo kama ile ya kufugia samaki, akapanga ndani matofali kama ngazi, juu ya kila ngazi buji (mshumaa) moja, tatu zote zinawaka. Mu jagi akatia bikabonati na siki, ikatoa povu, akangoja povu itulie, halafu akainamisha jagi juu ya sanduku pole pole bila kumwaga tone ata moja ya maji. Jicho halione kitu. Anamwaga hewa, kwa kuonekana. Buji ya chini ikazimika, halafu ya katikati, halafu ya juu.

Mu karatasi wengi walikuwa wameandika zitazimika zote mara moja. Akawauliza uzito: CO2, ile gesi ya jagi, ni 44, hewa yetu ni 29 hivi, basi hii gesi inazidi hewa mara moja na nusu, inatiririka kama maji na inakaa mu mabonde. Kijana mmoja wa upande wa Bulengo akasema njo maana mbuzi zinakufaga na mwenye kuzichunga amesimama pembeni mzima, kichwa yake iko juu ya gesi. Chumba ikanyamaza. Nimefundisha masi molari miaka sita na sijawahi kuona chumba ikinyamaza kwa ajili ya 44 na 29.

Halafu akafanya kitu yenye sikuitegemea ata mimi. Akawasha tena zile buji tatu, za urefu tofauti, akauliza: nikizifunika na bokali kubwa ya kioo, ipi itazimika ya kwanza? Karatasi zote 24 zikasema ya chini, kwani si tumetoka kuona. Akafunika. Ya juu ikazimika ya kwanza! Watu walisimama ku meza, kuna mwenye alisema amechezea, akamwomba arudilie, akarudilia, ya juu tena. Akawaacha wabishane karibu dakika ishirini bila kusema kitu. Mwishowe binti mmoja, wa kimya kabisa mu auditwari yangu, akasema hii CO2 ya sasa inatoka mu moto, iko na joto, gesi yenye joto inapanda, inajikusanya kwanza pale juu ya bokali. Ile ya jagi ilikuwa baridi njo maana ilishuka. Gesi ni ile ile. Mama Labo akamwambia tu "Asante, mama, andika hiyo", na akaenda kuosha jagi.

Mimi ningekuwa nimeeleza mu dakika mbili na ningeharibu yote.

Maji ya chokaa walifanya kwa haraka, unapuliza na mrija, inakuwa nyeupe kama maziwa, hiyo wote walijua toka sekondari. Kile hawakujua ni kwamba ukiendelea kupuliza muda mrefu ile weupe inapotea na maji inarudi kuwa safi, ju kalsiamu kabonati inageuka bikabonati yenye inayeyuka. Wenye walipuliza kwa uvivu hawakuiona.

Posho ya pili njo nitakaa nayo zaidi, ju kwangu mimi ile peke yake inalipa dola zote.

Kwanza akaambia kila ekipe ichemshe maji na isome termometre. Ekipe ya kwanza ikaita: Mama, termometre imekufa, maji inachemka na iko 95. Ya pili 95. Ya tatu 95 na kidogo. Watoto wakaanza kubadilishana termometre, kuna mwenye aliisukuma mpaka chini ya besheri kutafuta zile digri 5 zenye zimebaki, ju kitabu kinasema 100 na profesa anasema 100 na mu egzame ukiandika 95 unapata zero. Tuko karibu metre 1.500 juu ya bahari. Ziwa Kivu lenyewe liko kwenye metre 1.460. Hewa inatukandamiza kidogo kuliko mtu wa Matadi ama wa Dar es Salaam, presio ya hapa ni kama kilopaskali 85 pahali pa 101, basi maji inachemka mapema. Mama mmoja mwenye anauzisha maharage karibu na pale, mwenye tulinunuaga kwake chakula, angeweza kukuambia maharage ya Goma inakula makala mengi, sasa hii njo sababu.

Hiyo ilikuwa ya kufungua tu. Kazi yenyewe ilikuwa hii: pima gramu 0,84 ya bikabonati ya sodiamu, hiyo ni moli 0,01 (moli njo kipimo cha wingi mu kemia), utie asidi ya kutosha, ukusanye gesi yote mu silindre yenye imejaa maji na imepinduliwa mu beseni, usome volimu. Mbele ya kuanza, piga hesabu utapata ngapi. Wote wakachukua ile litre 24 ya kitabu kwa moli moja kwenye digri 20, wakaandika 240 mL. Ekipe ya kwanza ikapata 262. Rendema (kile umepata juu ya kile ulitegemea) ya 109 kwa mia! Nilimwona kijana wa ile ekipe akifuta, anaandika 238. Nikamkamata mkono. Sikumkasirikia, ju najua mahali alijifunzia: kwetu, mu TP za ku tablo, namba huwa haikatai kamwe, na ikikataa unaigeuza mpaka ikubali.

Mama Labo akaja, akaangalia 262 na 238 yenye imeandikwa juu yake, akamuuliza kwa sauti ya chini, mwanangu, silindre ilisema nini? 262, Mama. Basi andika 262, na tutafute ile gesi ya zaidi imetoka wapi, ju bikabonati yako haiwezi kutoa kitu yenye haina.

Wakatafuta. Labda balansi inadanganya, wakapima tena. Labda hewa iliingia ku mupira, wakafanya upya. 262 tena karibu. Mpaka mmoja akasema 95. Tu hivyo: "Lakini maji ilichemka ku 95." Na unaona ile kitu inatembea toka kichwa moja mpaka ingine. Litre 24 ni ya presio ya bahari. Hapa Goma, na kilopaskali 85 na digri 20, moli moja inachukua pahali pa litre 28 na zaidi, basi moli 0,01 ingepaswa kutoa karibu 287 mL. Sasa ile 262 siyo nyingi tena, ni kidogo! Ikawa swali mpya, zile 25 zimeenda wapi, na jibu lake ni kwamba CO2 inayeyuka mu maji ya beseni. Ekipe yenye ilijaza beseni na maji ya chumvi nyingi ikapata 279, ju mu maji ya chumvi inayeyuka kidogo kuliko mu maji ya kawaida.

Nafikiri kila silabusi ya kemia ya hapa ingepaswa kuwa na ukurasa moja wa hii. Tunakopi 22,4 (litre za moli moja ku digri 0) na 24 na 100 toka vitabu vya watu wenye wanaishi karibu na bahari, na mtoto akipima na kuona tofauti anafikiri yeye njo amekosea. Mtoto wa Goma mwenye ameona 95 hakukosea.

Posho ya tatu ilikuwa dozaje (kupima nguvu ya asidi kwa kuitia bezi tone kwa tone), siki na soda kostiki ya 0,1 moli kwa litre, na fenolftaleini, ile yenye inageuka pinki mu bezi. Siki ya duka waliipunguza mara kumi, unachukua 10 mL, na siki yenye ina asidi karibu 5 kwa mia inakupeleka kwa kama 8,3 mL. Ekipe zilipata 8,2, 8,4, 8,3, moja ikapata 9,1. Hapa kijana wa labo alifanya kazi nzuri sana: hakuwaambia kosa, aliwaambia mujaze bireti tena na muangalie chini ya robine. Palikuwa na bulu ya hewa. Wakati bulu inatoka, maji inajaza nafasi yake, bireti inakusomea kwamba umemwaga na haujamwaga kitu. Hiyo mambo mimi nilikuwa naifundisha kwa mdomo, "hakikisheni hakuna hewa", na wanaandika mu kaye, na inaishia mu kaye.

Pinki yenyewe niliiona nao. Tone, tone, inatokea wingu na inapotea, inatokea inakawia kidogo inapotea, halafu tone moja na haipotei tena. Kuna wenye walipitisha ikawa rangi ya fanta ya zambarau, wakarudia. Na wale walifanya vizuri wakaacha erlenmeya yao ku meza wakienda kuonyesha wenzao, wakirudi rangi imefifia, wakafikiri mtu ameitia kitu, kumbe ni CO2 ya hewa inaingia pole pole na kula ile bezi kidogo yenye ilibaki. CO2 tena, ile ya mazuku.

Mu ile siku tulipima pia maji ya ziwa, wanafunzi walileta mu chupa toka Kituku. Wote waliandika itakuwa asidi kwa sababu Kivu limejaa CO2 chini, kilometre za kubo karibu 300 wanasema wenye wanalipima, pamoja na metani kama 60. Karatasi ya kipimo ikasema pH karibu 9, hiyo ni upande wa bezi, siyo asidi. Gesi iko mu vilindi, maji ya juu ni ingine, iko na bikabonati nyingi. Hapa muda ulitukatia, ilistahili posho yake yenyewe na nimemwambia Mama Labo.

Sasa kile hakikunifurahisha.

Mwisho wa posho ya kwanza walifanya ile povu kubwa, maji ya oksijeni (peroksidi ya hidrojeni) yenye nguvu kuliko ya farmasi, sabuni, na levire (hamira), inaruka kama nyoka toka mu chupa. Watoto walipiga kelele, simu zote juu, wakafilimu. Hakukuwa na karatasi, hakukuwa na swali. Siku ya pili mu auditwari nikauliza ile povu ilikuwa gesi gani, mmoja peke njo aliniambia oksijeni, na alikuwa anakisia. Siyo ubaya kufurahisha mtu, ila hiyo ilikuwa sinema, na sinema hatukuilipia. Nilimwambia Mama Labo kwa heshima, pembeni, wanafunzi wasisikie. Hakukasirika. Posho ya tatu akaleta chupa ya maji ya oksijeni ya farmasi, ya 3 kwa mia, na tube tatu: moja na kipande ya kiazi kibichi, moja na kiazi chenye kimechemshwa, moja bila kitu. Andika. Kibichi kikatoa povu, cha kuchemshwa kikakaa kimya kama ile tube tupu. Halafu akatia kijiti chenye kinabaki na kaa nyekundu mu ile tube ya kwanza, kikawaka upya. Toka pale wakajua ni oksijeni, na wakajua mu kiazi kuna kitu yenye joto inaharibu, na wale wa bioloji wakaita jina lake, enzime. Povu ilikuwa ndogo kama kidole. Hakuna mwenye alifilimu.

Posho ya nne, ya rangi za moto na ya shaba, ilikuwa dhaifu kidogo, ju bireti mbili zilikuwa zimevunjika, na ekipe moja ya kipindi ya mbele ilikuwa haijamaliza dozaje yake, ikabidi wakae sita ku meza moja. Sita ni wengi. Wawili wanafanya, wawili wanaangalia, wawili wanaongea mambo ya mupira. Kwa ile bei ningependa watu watatu, wane kabisa kabisa, na hii mujadiliane nao mbele ya kulipa, wakubali kwa maandishi.

Rangi za moto wenyewe walifanya kwa njia ya salama na hapa nawapa pongezi. Walilaza vijiti vya brosheti usiku mzima mu maji yenye chumvi tofauti, halafu unapitisha ku moto wa gesi: chumvi ya jikoni inatoa njano ya kukata macho, ya shaba kijani, ya kalsiamu nyekundu ya tofali, ya potasiamu zambarau ndogo yenye inafichwa haraka kama umegusa sodiamu. Kuna walimu wenye wanafanyaga hii kwa kumwaga metanoli mu visahani na kuwasha. Usifanye. Wanafunzi wameungua sana kwa hiyo mu inchi zingine, mpaka American Chemical Society mwaka 2014 ikaomba walimu waache kuitumia mu demonstrasio ya namna hiyo. Mvuke ya metanoli inakimbilia moto, unaongeza kidogo ukifikiri moto umezimika, na bido yote inakurudilia. Nilimuuliza kijana wa labo kama anajua, akanionyesha kwamba metanoli haiko ata mu armware yao.

Na shaba: misumari mu silfati ya shaba ya bluu, unangoja, msumari unavaa koti nyekundu na bluu inafifia. Yenyewe wengi waliijua. Kile kilinigusa ni mwisho, wakati wa kuosha. Kwetu tunamwaga. Pale kuna bido ya mabaki ya shaba, wanatia ndani waya ya kusugulia sufuria, shaba yote inakimbilia ku chuma, wanachuja, wanaitunza. Mama Labo aliwaeleza kwa nini: hapa chini yetu ni mawe ya volkano yenye matundu, maji ukimwaga yanapotea mu dakika moja, na ziwa liko pale, watu wanachota. Anapima maji ya watu katikati ya juma, hawezi kuyachafua siku ya posho.

Mambo madogo madogo. Balansi ni moja ya kupima vizuri, ya pili inasoma mpaka gramu 0,1 peke, na kwa gramu 0,84 hiyo haitoshi, basi mnapanga musitari na nusu saa inaenda. Hote ya kuvuta mvuke hakuna, amoniaki na asidi kloridriki wanafungulia ku kiwanja nyuma, na kama mvua inanyesha wanaahirisha, sawa, bora hivyo. Kuran ya umeme ilikatika mara mbili, haikutusumbua sana ju moto ni wa gesi. Maji ya kuosha macho iko, bido yenye robine, karibu na mlango, na siku ya kwanza kila mwanafunzi aliambiwa aifungue na mkono wake ajue iko upande gani. Asidi ku maji, kamwe maji ku asidi, wanaifanya mbele yenu na termometre ndani ili muone joto inavyopanda, hawaisemi tu.

Raporo hawasahihishe. Wanakupa karatasi ya kujaza na wanaweka muhuri kwamba mlikuja, basi. Kusahihisha ni juu ya asista. Nilizisoma zote 24, usiku nne. Yule kijana wa 238, kwa ya pili, aliandika ukurasa mbili ju ya presio, na mahali pa rezilta aliacha 238 yenye amekata na musitari moja, 262 pembeni, na sahihi yake.

Mu egzame niliweka swali ya volimu ya gesi na sikuandika ni pahali gani. Kumi na tisa kati ya 24 waliandika juu ya jibu lao: "ku presio ya Goma". Niliwapa wote kote yao, na mwenye aliuliza kama ni sawa kutumia 85 wakati mwalimu hakusema, nilimwambia ni sawa.

Mwaka ujao nimeshachukua posho nne zingine. Niliomba pia siku moja ya katikati ya juma kwa mwaka wa pili, kwa alkalini (uwezo wa kuzima asidi) ya maji ya ziwa yenye tuliachia njiani, Mama Labo akakubali kama tutaleta bireti mbili zetu. Tunachanga, tumefikia moja.